Jinsi ya Kuanzisha Kikundi cha Kusaidiana kwa Waliofanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huonana na wahudumu wa afya mara kwa mara katika miezi ya mwanzo. Kidonda kinaangaliwa, chakula kinapangwa hatua kwa hatua, damu inapimwa. Kisha miadi inaanza kuachana: baada ya miezi mitatu, baada ya sita, mwishowe mara moja kwa mwaka. Lakini kazi ngumu huanza hapo hapo miadi inapopungua. Uzito hushuka kwa kasi katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza, halafu unatulia, njaa inarudi, na kwa watu wengi sehemu ya kilo zilizoondoka hurejea kidogokidogo. Anayepitia hayo mara nyingi hana wa kumweleza. Nyumbani wamezoea kumpongeza, na miadi ya kliniki bado iko mbali.

Kikundi cha kukutana ana kwa ana huziba pengo hilo, ila tu kama kimejengwa kwa ajili yake. Vikundi vingi hujengwa kwa mtu wa mwezi wa pili, mwenye furaha na suruali inayomvuka kiunoni. Jenga chako kwa mtu wa mwaka wa tatu, ambaye mizani yake imeanza kupanda. Ukimpangia huyo, mgeni wa mwezi wa pili naye atapata nafasi. Ukimpangia mgeni peke yake, yule mwingine atakuja mara moja, asikilize, aage kwa heshima na asirudi tena. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo.

Waanzilishi na hospitali

Usianze peke yako. Mwezeshaji mmoja akiugua au akichoka, kikundi kinakufa, na mtu aliyesafiri kuja kikaoni akakuta mlango umefungwa ni vigumu kumrudisha. Muwe wawili au watatu. Angalau mmoja awe amemaliza mwaka mmoja na nusu tangu upasuaji. Aliye katika miezi minne ya kwanza ana moyo sana wa kusaidia, lakini bado yuko kwenye kipindi ambacho mwili unamfanyia kazi nyingi wenyewe, na ushauri wake kwa mtu wa mwaka wa tatu unaweza kuumiza bila yeye kujua. Ikiwezekana, waanzilishi wawe wamefanyiwa aina tofauti za upasuaji. Mmoja awe wa slivu, yaani sehemu kubwa ya tumbo imekatwa na kuondolewa, na mwingine awe wa baipasi, ambaye tumbo lake limeachwa kifuko kidogo na utumbo ukaunganishwa upya. Kikundi kikiongozwa na watu wa aina moja tu, wa aina nyingine hujiona wageni.

Hospitali mnaihitaji, lakini kwa kiasi. Nendeni kwa muuguzi anayeratibu wagonjwa hao au kwa mtaalamu wa lishe. Daktari mpasuaji mara nyingi hana muda wa mambo ya vikundi. Ombeni mambo matatu, mkiyaandika kwenye barua ya ukurasa mmoja: waweke vipeperushi vyenu mahali wagonjwa wanapoketi kusubiri, wawapeni namba ya kupiga mwanachama akiwa na dalili za hatari, na mmoja wao aje kujibu maswali mara moja kila miezi mitatu. Msiombe orodha ya wagonjwa. Taarifa hizo ni siri ya mgonjwa, na kuziomba kunaweza kuwafungia mlango siku ya kwanza. Hospitali iwape wagonjwa habari zenu, na mgonjwa mwenyewe aamue kuwatafuta.

Swali la kikundi kuwa chini ya hospitali au kujitegemea lina majibu mawili ya kweli. Kikiwa chini ya hospitali kinapata chumba, wataalamu na wanachama wapya bila taabu. Lakini watu huogopa kusema mbele ya waliowapasua kwamba wameacha vidonge vya vitamini, kwamba wanakunywa pombe, au kwamba uzito umerudi. Sisi tunapendelea kikundi kinachojitegemea chenye uhusiano mzuri na hospitali, ambapo mtaalamu anaalikwa, anajibu maswali kwa dakika 40, kisha anaondoka na kikao kinaendelea bila yeye. Mwambieni mapema kwamba ataondoka, ili asione amefukuzwa.

Chumba na viti

Hapa ndipo vikundi vinavyoanzishwa kwa nia njema huharibikiwa kabla ya neno la kwanza kusemwa. Watakaokuja ni pamoja na wanaosubiri upasuaji, na baadhi yao wana kilo 150, 180 au zaidi. Viti vingi vyepesi vya plastiki havikuundwa kubeba mtu huyo, na vyenye mikono humbana nyonga. Mtu mnene akiingia chumbani hutazama viti kwanza, kabla ya nyuso. Akiona hakuna cha kumfaa atasimama ukutani akidai hajachoka, au atageuza njia.

Tafuteni viti visivyo na mikono, vyenye miguu ya chuma, na angalau vinne vinavyohimili kilo 200 au zaidi. Uzito unaohimiliwa huwa umebandikwa chini ya kiti au umeandikwa kwenye karatasi za mtengenezaji. Kama haujulikani, chukulia kwamba hakifai. Benchi imara pia inafaa. Vitawanyeni viti hivyo ndani ya duara, msivipange pamoja pembeni kama viti vya watu maalumu. Acheni nafasi ya upana wa kiti kizima kati ya kiti na kiti. Leteni na mito michache, kwa sababu waliopungua sana hukosa nyama ya makalio na kiti kigumu huwaumiza baada ya nusu saa. Hao hao huhisi baridi kuliko zamani, kwa hiyo feni au kiyoyozi kisiwapulizie moja kwa moja.

Chumba kiwe ghorofa ya chini au kiwe na lifti inayofanya kazi, kiwe na choo karibu, na sauti isitoke nje. Chumba chenye kuta za kioo kinachotazamana na njia ya wapita njia hakifai hata kama ni cha bure. Ukumbi wa mazoezi haufai pia, wala mgahawa. Maktaba, ukumbi wa jumuiya, darasa siku shule imefungwa, au chumba cha mikutano cha kituo cha afya vyote hufaa. Nyumba ya mwanachama tunaikataa kabisa: mwenye nyumba anageuka mwenyeji wa kudumu, na aliyegombana naye hana tena pa kwenda.

Kodini chumba kwa saa mbili na nusu ingawa kikao ni dakika 90. Nusu saa ya kwanza ni ya kupanga viti, na nusu saa ya mwisho ni ya mazungumzo ya mlangoni, ambako mengi mazito husemwa kwa mara ya kwanza.

Siku, saa, na matangazo

Kutaneni mara moja kwa mwezi, siku ile ile: Jumamosi ya pili ya mwezi, kwa mfano, au Jumatano ya mwisho. Kila wiki inavutia mwanzoni, lakini kikao cha kila wiki hufifia mapema na kuacha sifa mbaya. Msihamishe siku kwa sababu ya mtu mmoja. Msiweke kikao saa ya chakula, maana waliofanyiwa upasuaji hula kidogo na kwa ratiba. Katikati ya asubuhi au katikati ya alasiri ni salama kwa wengi.

Kipeperushi kiseme kikundi ni cha nani, siku, saa, mahali, namba moja ya simu, na sentensi hizi tatu: hakuna kupima uzito, hakuna kupiga picha, hakuna kuuza kitu. Ongezeni kwamba aliyefanyiwa upasuaji miaka mingi iliyopita anakaribishwa sawa na wa mwezi jana. Sentensi hiyo moja huleta watu ambao hakuna tangazo jingine lingewaleta. Namba ya simu iwe ya laini ya kikundi, isiwe ya mtu binafsi, ili anayeishika aweze kuikabidhi siku akipumzika. Anayepokea aulize jina la kwanza tu, na kama mpigaji anahitaji kiti kikubwa au msaada wa kutembea.

Nusu ya walioahidi kuja wasipofika siku ya kwanza, msivunjike moyo. Watu watano wanatosha kuanza. Duara zuri ni la watu 6 hadi 12. Wakizidi 14, salimianeni pamoja, someni kanuni, kisha gawanyikeni mara mbili: wanaosubiri upasuaji na waliomo ndani ya mwaka wa kwanza upande mmoja, waliovuka mwaka upande mwingine. Msitenganishe makundi hayo kwa kudumu. Anayesubiri upasuaji anahitaji kumwona aliyeko mwaka wa sita, na wa mwaka wa sita hukumbushwa mengi na maswali ya anayesubiri.

Kikao chenyewe, dakika kwa dakika

Mwezeshaji mmoja akae karibu na mlango dakika 20 kabla ya kuanza. Kazi yake ni kumpokea anayeingia, kumwambia choo kiko wapi, na kumketisha karibu na mtu mwenye maneno ya upole. Mezani kuwe na maji na vikombe vidogo. Wengi wao hawawezi kugugumia maji. Hunywa kwa funda dogodogo mchana kutwa ili kufikisha lita moja na nusu. Chakula msiweke. Hatua za chakula hutofautiana, kuanzia vimiminika katika wiki mbili za kwanza hadi vyakula vya kawaida karibu na wiki ya nane, na sahani yoyote mezani itakuwa kishawishi au maumivu kwa mtu fulani.

Dakika 10 za kwanza: karibu, na kanuni kusomwa kwa sauti. Zisomwe kila kikao, hata kama wote ni wenyeji, la sivyo siku mkilazimika kuzisoma kwa sababu ya mtu mmoja, atajua ni yeye.

Dakika 25 zinazofuata: mzunguko. Kila mtu ana dakika mbili za kutaja jina, aina ya upasuaji au kwamba anasubiri, ni muda gani sasa, na jambo moja alilokuja nalo. Hataji kilo. Anaruhusiwa kusema "napita leo", na anayepita haulizwi sababu. Tumieni saa ya kengele. Bila hiyo, mtu wa tatu atamaliza muda wa wanane.

Dakika 30: mada ya siku. Dakika 20: maswali huru, wakianza wale ambao mzunguko ulionyesha wana mzigo. Dakika 5 za mwisho: tarehe ijayo, na kumuunganisha kila mgeni na mwenzake wa kupigiana simu. Mgeni asiondoke bila namba ya mtu mmoja. Mwezi mzima ni mrefu kwa mtu aliyetoka hospitali wiki mbili zilizopita.

Kanuni, na kwa nini zipo

Zikiwa nyingi hakuna atakayezikumbuka. Tunashauri sita. Yanayosemwa hapa hayatoki hapa, hata kwa mume au mke. Hakuna kulinganisha kilo. Hakuna kutoa maagizo ya dawa au kubadilisha ya daktari. Hakuna kuuza wala kutangaza bidhaa. Anazungumza mmoja kwa wakati, na anasema habari zake mwenyewe: "mimi ilinisaidia" badala ya "wewe unatakiwa". Hakuna picha wala kurekodi.

Kanuni ya kilo ndiyo hupingwa zaidi, kwa hiyo muwe na maelezo. Kasi ya kupungua hutegemea aina ya upasuaji, uzito wa kuanzia, umri, jinsia, kisukari, dawa anazotumia mtu. Ukimweka aliyeanza na kilo 190 karibu na aliyeanza na kilo 110, namba zao hazisemi lolote juu ya bidii ya yeyote kati yao. Tena wengi husimama kupungua kwa siku kadhaa karibu na wiki ya tatu, jambo la kawaida kabisa, na mtu aliyesimama akisikia mwenzake ametupa kilo kumi atarudi nyumbani akiamini upasuaji wake umeshindwa. Waelekezeni watu kwenye vipimo vingine vya mabadiliko: kupanda ngazi bila kupumzika, kufunga kamba za viatu, kupunguziwa dozi ya presha, kulala bila kukoroma. Habari hizo kila mtu anaweza kuzifurahia bila kujipima nazo.

Kanuni ya biashara iwe kali tangu siku ya kwanza. Atatokea mtu mwenye unga wa protini, chai ya kupunguza tumbo au vitamini za mtandao wa mauzo. Mara nyingi ni mwanachama mwema anayeamini anachouza. Mwambieni pembeni, mara moja, kwa upole. Akirudia, mwambieni achague kati ya kuuza na kuhudhuria. Mkimvumilia, baada ya miezi mitatu kikao kitakuwa gulio na wagonjwa wataondoka kimyakimya.

Mpaka kati ya kikundi na daktari

Wanachama watauliza maswali ya kiafya kila kikao, na kukataa yote si msaada. Wawezeshaji wajue mambo ambayo hospitali nyingi huyafundisha kwa pamoja: protini gramu 60 hadi 80 kwa siku kwa wengi, kutokunywa pamoja na chakula, na kusubiri nusu saa baada ya kula, vitamini na madini kwa maisha yote, kalsiamu na madini ya chuma kutomezwa pamoja bali kwa kupishana saa mbili, kuepuka dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, hasa kwa waliofanyiwa baipasi, kwa sababu ya vidonda vya tumbo, kuahirisha ujauzito kwa miezi 12 hadi 18, huku wakikumbuka kwamba uwezo wa kushika mimba huweza kuongezeka ghafla uzito unaposhuka na kwamba vidonge vya uzazi wa mpango huenda visitegemewe baada ya baipasi. Nywele kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita kunatisha lakini kwa kawaida huisha. Kutoka jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha nusu saa baada ya kula kitu kitamu ni chakula kilichoshuka haraka mno kwenye utumbo mdogo. Kizunguzungu na kutetemeka saa moja hadi tatu baada ya kula mara nyingi ni sukari ya damu iliyoshuka, na hilo linafaa lifike kwa daktari.

Haya ni ya kukumbushana. Dozi, kuanza dawa, kuacha dawa na kusoma majibu ya vipimo vinabaki kwa daktari.

Kisha kuna dalili ambazo kikundi hakizijadili hata kidogo, bali mtu anasindikizwa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Zibandikeni ndani ya jalada la daftari la kikundi:

- Katika wiki za mwanzo: mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika mtu akiwa ametulia, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka au yanayopanda hadi begani, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Wakati wowote: kushindwa kubakiza hata maji, au kutapika siku baada ya siku. Likiambatana na kuona viwili-viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa, mtu huenda amepungukiwa vitamini B1, na kuchelewa huweza kuacha madhara ya kudumu kwenye ubongo.
- Baada ya baipasi, hata miaka mingi baadaye: maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, kwa sababu utumbo huweza kujinasa. Kinyesi cheusi kama lami huashiria damu inayovuja tumboni.

Msimwachie mtu wa namna hiyo aseme "nitaangalia kesho". Mwezeshaji wa pili atoke naye chumbani, apige simu hospitali, ataje aina ya upasuaji na tarehe yake, na amsubiri mpaka ndugu au gari lifike.

Jambo jingine linalostahili maandalizi kabla halijatokea ni akili na moyo. Tafiti zimeonyesha kwamba hatari ya kujidhuru huongezeka kwa baadhi ya watu baada ya upasuaji huu, wakiwemo waliopungua vizuri. Pombe nayo huingia kwenye damu upesi zaidi, na matatizo ya ulevi huonekana zaidi kuanzia mwaka wa pili, hata kwa watu ambao hawakuwa nayo. Kuweni na namba ya huduma ya dharura ya afya ya akili ya mahali mlipo, na mkubaliane nani ataongea na mtu akisema amechoka kuishi. Swali aulizwe waziwazi, faraghani: je, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Siri ya kikundi haihusu hali hiyo, na hilo lisemwe kwenye kanuni tangu mwanzo.

Mada za mwaka

Pangeni mada 12 mapema na mzichapishe. Vidonge na vipimo vya damu, kula hadharani na kwenye sherehe, ngozi iliyolegea, mwenzi wa ndoa na wivu, pombe na uraibu unaohama kutoka chakula kwenda kitu kingine, misuli na mazoezi, ujauzito, kazi na safari. Kikao kimoja au viwili viwe vya familia, kwa kutangazwa wazi, kwa sababu wengine hawawezi kusema mbele ya ndugu wa mwenzao.

Kubadilishana nguo ni shughuli yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Mtu huweza kupita saizi tano kwa mwaka. Kila miezi mitatu, baada ya kikao, nguo safi zipangwe mezani kwa saizi, kubwa hadi ndogo, bila msimamizi na bila daftari. Pasipo anayeandika, aliyerudi kuhitaji saizi kubwa anaweza kuichukua kama wengine wanavyochukua ndogo. Zilizobaki ziondoke siku hiyo hiyo.

Uzito ukirudi

Weka mada hii kwenye kalenda mara tatu kwa mwaka, kwa jina hilo hilo, lisilofichwa. Ikitajwa mara moja inaonekana kama onyo. Ikirudiarudia inaonekana jinsi ilivyo, sehemu ya safari. Elezeni sababu zake. Mwili hupigania kurudi uzito wake wa zamani. Homoni za njaa hubadilika tena. Tumbo huweza kutanuka. Mtu huanza kudonoadonoa siku nzima badala ya kula milo. Pombe na vinywaji vitamu hupita bila kushibisha. Insulini, dawa za steroidi na baadhi ya dawa za sonona huongeza uzito. Usingizi mbovu na kukoma hedhi huchangia. Ukisoma orodha hiyo polepole kikaoni utaona mabega yakishuka, kwa sababu mengi yaliyomo hayahusiani na uvivu.

Baada ya sababu, njia. Anayeona uzito unarudi aende kliniki mapema, kilo tano zikiwa tano, asisubiri ziwe ishirini. Daktari anaweza kuchunguza umbo la tumbo, kubadilisha dawa nyingine, kuandika dawa za uzito kama semaglutide au tirzepatide, au kuzungumzia upasuaji wa marudio. Mwanachama anayetumia dawa hizo hajafeli upasuaji. Unene ni ugonjwa wa kudumu, na ugonjwa wa kudumu mara nyingi hutibiwa kwa zaidi ya njia moja. Mwezeshaji alisikie hili na alisahihishe papo hapo mtu akilinena vinginevyo.

Zingatieni pia yanayomfukuza aliyerudiwa na uzito, bila nia mbaya: makofi kwa aliyepungua, picha za kabla na baada, jopo la "waliofanikiwa", na salamu ya mlangoni ya "eh, umepungua!" Aliyesalimiwa hivyo mara tatu, siku akikosa salamu hiyo atajua kwa nini. Wapokea wageni wazoee kusema "karibu, nimefurahi kukuona," na waishie hapo.

Anayekosa vikao viwili mfululizo atumiwe ujumbe na mtu mmoja, si kwenye kundi la simu la wote. Usimwandikie "umepotea wapi?", maana mwenye aibu huisoma kama lawama. Andika: "Habari za siku nyingi. Kikao ni Jumamosi saa kumi alasiri, pale pale. Kiti chako kipo, hata kama hutasema neno." Asipojibu, usimsumbue. Baada ya miezi mitatu mtumie tena ujumbe huo huo. Kuna watu hurudi baada ya mwaka, na hurudi kwa sababu ujumbe haukuwa na swali la kujibu. Akija, mketishe, mpe maji, na mzunguko ukimfikia akisema "napita", endeleeni na anayefuata.

Mambo mengine yanayoharibika

Msemaji mmoja akimeza kikao, mwezeshaji akatize kwa jina: "Ahsante, tutarudi kwako, nataka kusikia upande ule." Kisha amfuate mwishoni, kwa sababu mara nyingi msemaji huyo anahitaji msaada zaidi ya dakika mbili, na mwenzi wa simu humfaa. Ubishi wa slivu na baipasi usiruhusiwe kukomaa. Uamuzi wa nani afanyiwe ipi ulifanywa na daktari kwa sababu za mwili wa mtu yule. Malalamiko juu ya hospitali yana nafasi yake, dakika tano, halafu mwenye lalamiko asaidiwe kuandika barua. Yakiachwa bila mwisho, wanaosubiri upasuaji huondoka na hofu isiyowahusu.

Fedha ziwe kidogo na zionekane. Msitoze kiingilio, wekeni kisanduku, wahesabu watu wawili, na hesabu isomwe kila mwezi. Daftari la mahudhurio liwe na majina ya kwanza na idadi tu. Namba za simu na za ndugu wa dharura zikae kwenye orodha nyingine, kwa mtu mmoja, na anayeondoka afutwe akiomba.

Mwezeshaji asikae zaidi ya miaka miwili. Miezi minne kabla ya kuondoka amtafute mrithi, kwanza miongoni mwa waliokaa kimya mwaka mzima kisha wakaanza kuwauliza wengine maswali mazuri. Mrithi aongoze vikao vitatu huku wa zamani akiwa ameketi ndani ya duara kama mwanachama. Siku ya nne akabidhiwe ufunguo, daftari, kisanduku, laini ya simu, kalenda ya mada na jina la mtu wa kuwasiliana naye hospitalini. Kisha wa zamani akose vikao viwili kwa makusudi, ili watu wakitaka kujua jambo wazoee kumgeukia mwingine, na kikao cha tatu arudi na kuketi popote patakapokuwa na kiti kitupu.